Simu ikilala iache ilale, cha msingi app yako ijue kuamka

Kuna swali naulizwa sana na vijana wa hapa Tanga wanaojifunza kutengeneza app za Android na linakuja kwa maneno yale yale kila mara, juzi tena kuna dogo kanifata kutoka Chumbageni na baiskeli yake, jua la saa nane, simu mkononi, "bro app inafanya kazi fresh nikiishika, nikiiweka mezani inakufa." Haijafa dogo, imelala. Na shida yenu wengi mkishajua imelala mnakimbilia kutafuta namna ya kuizuia simu isilale kabisa, yani unamnyima mtu usingizi usiku kucha kisa unataka akuamshe alfajiri, matokeo yake chaji inaisha saa sita mchana na mtu anaifuta app yako bila hata kukwambia.

Mi mwenyewe niliyajua haya kwa aibu. Nina shangazi yangu analima mwani upande wa Mkinga, na kama hujawahi kukaa na watu wa mwani ni kwamba maisha yao yanafata maji, shambani wanaingia maji yakipwa, tena yale ya bamvua ndo yenyewe maana yanatoka mbali kamba zote zinabaki wazi, na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 hivi kuliko jana yake, kwaiyo huwezi kutegesha alamu moja ya saa ile ile ukaridhika. Nikajiona fundi, nikamtengenezea kiapp kidogo chenye jedwali la maji ndani yake, kinapiga kengele saa moja na nusu kabla maji hayajapwa kabisa. Nikakitesti siku tatu kwangu kikawa kinalia kama jogoo, nikamwekea kwenye simu yake nikarudi mjini kifua mbele.

Siku ya nne akanipigia. Shikamoo shangazi, marahaba, alafu kimya kidogo. "Baba, hii kengele yako inaniamsha nikishaamka."

Kumbe ilikuwa hivi, simu ilikuwa juu ya kabati tangu usiku, haiko kwenye chaji, haijaguswa. Kengele ilitakiwa ilie saa mbili kasoro asubuhi, haikulia. Yeye anafua uani, akaona mbona jua limepanda, akaingia ndani akainua simu aangalie saa, kioo kilipowaka tu na kengele ikaanza kulia mkononi mwake, saa tatu na kitu hiyo. Alivyofika pwani maji yameshageuka na kamba za chini zimefunikwa. Mimi nilikuwa nakitesti hiki kiapp simu ikiwa imechomekwa waya kwenye laptop muda wote, na simu iliyoko kwenye chaji hailali usingizi mzito hata siku moja, kwaiyo siku zangu zote tatu za kutesti zilikuwa sawa na bure. Shika hilo kabla hatujaenda mbali.

USINGIZI WENYEWE UKOJE

Kuanzia Android 6 iliyotoka 2015 kuna kitu kinaitwa Doze. Simu ikiwa haiko kwenye chaji, kioo kimezimwa, na imetulia sehemu moja haitikisiki, baada ya muda inaingia usingizi wa pono. Humo ndani app haipati intaneti, alamu za kawaida zinasogezwa mbele, kazi za kusinki zinasimama, na hata ile amri yako ya kuishika simu macho inapuuzwa. Mara moja moja simu inafungua dirisha fupi, app zote zinajisaidia shida zao kwa mpigo, zinatuma na kupokea, alafu linafungwa, na kadri simu inavyozidi kukaa bila kuguswa ndivyo madirisha yanavyozidi kuwa mbali mbali. Ukiwasha kioo, ukiitikisa au ukiichomeka kwenye chaji inaamka na kila kilichokuwa kimesubiri kinamwagika, ndo ile kengele ya shangazi kulia mkononi.

2016 ikaja Android 7 na usingizi mwingine mwepesi, huu naita mang'amung'amu, simu inaweza kuwa mfukoni unatembea nayo barabara ya 12 lakini kwa vile kioo kimezimwa na haiko kwenye chaji basi tayari intaneti ya kwa nyuma inabanwa na kazi zinasubirishwa. Hauna ukali kama ule wa kwanza ila upo, wengi hawaujui wanalaumu mtandao.

Alafu Android 9 ya 2018 ikaleta madaraja. Simu inaangalia app gani unaitumia sana na gani unaifungua kwa nadra, inazipanga, juu kabisa ile uliyoishika sasa hivi, chini yake za kila siku, chini tena za mara kwa mara, mpaka za nadra, na Android 12 wakaongeza daraja la chini zaidi ambalo ni kama kifungo. App yako ikishuka daraja, kazi zake za kwa nyuma zinacheleweshwa zaidi na zaidi hata kama simu haijalala. Hapa ndo nilikuja kuelewa kwanini app ya maji ni ngumu kuliko app ya umbea, bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, mtu wa mwani anaifungua app zile siku chache alafu wakati wa maji mafu, yale yasiyotoka mbali, haigusi kabisa, kwa hesabu za simu hiyo ni app isiyopendwa, inashushwa mpaka za nadra, na siku inayohitajika ndo iko chini kabisa. Simu haijui mwezi umeandama.

KABLA YA KUANDIKA CHOCHOTE JIULIZE HII KAZI NI YA NAMNA GANI

Makosa mengi yanatoka hapa na sio kwenye kodi yenyewe (kodi hii ni yale maandishi ya programu, sio ya TRA wala ya mwenye nyumba, tusichanganyane). Kila kazi ambayo app yako inataka kuifanya wakati mtu hajaishika, iulize swali moja: ikichelewa saa moja kuna mtu ataumia? Kengele ya maji ikichelewa saa moja shangazi kapoteza siku. Kupakua jedwali la mwezi ujao likichelewa saa moja, au siku moja, au hata siku tatu, hakuna atakayejua. Sasa kinachonishangaza vijana mnayapa yote mawili uzito mmoja, kila kitu ni haraka haraka, kila kitu kiamshe simu.

Ukijibu hilo swali kwa ukweli utakuta kazi kama tisa kati ya kumi zinaweza kusubiri. Hizo zote mpe WorkManager, chombo cha Android cha kupanga kazi za kwa nyuma. Ndo kazi yake, unamwambia nataka jambo hili lifanyike, masharti ni haya, yeye ataangalia simu imeamka saa ngapi na atalifanya pamoja na ya wenzio, na simu ikizima ikawaka tena hasahau. Kazi ya kujirudia haikubali chini ya dakika 15, na usihangaike kumdanganya, kama unahitaji chini ya hapo kwa nyuma basi hebu rudi kwenye lile swali.

Kwenye masharti kuna mtego wa huku kwetu ambao mafunzo mengi ya mtandaoni hayausemi. Wanakwambia weka sharti la mtandao usio na kipimo, yani Wi-Fi, ili usimalizie mtu data. Kwa Marekani sawa. Huku asilimia kubwa ya watu tuko kwenye bando, kuna mtu anamaliza mwaka simu yake haijawahi kuunganishwa na Wi-Fi ya mtu yeyote, ukiweka lile sharti kazi yako haitafanyika MILELE na hutaona kosa lolote, hamna ujumbe, hamna chochote, ni kimya tu. Mi nimefanya hivi, mtandao wowote unaruhusiwa, ila kitu chenyewe nimekibana kikawa kidogo, jedwali la mwezi mzima ni maandishi matupu halifiki hata kilobaiti 20, na sharti nililoacha ni simu iwe kwenye chaji. Watu wengi wanachomeka usiku, usiku huo huo linapakuliwa, asubuhi lipo.

SASA ILE MOJA ISIYOSUBIRI

Kwa kengele kuna ngazi tatu za kujua. Ile alamu ya kawaida ya AlarmManager, yani sehemu ya Android inayotegesha alamu, hata ile ya setExact, inasogezwa na Doze. Ndo niliyotumia mimi mara ya kwanza, jina lake lina "exact" nikajua yatosha. Ya pili ni setExactAndAllowWhileIdle, hii inapenya usingizi ila ukiwa ndani ya Doze hupewi zaidi ya mara moja kila dakika 9 kwa app moja, kwaiyo usiitumie kama saa ya kuhesabu. Ya tatu ni setAlarmClock, hii ndo kengele ya kweli, simu inaamka yenyewe muda kidogo kabla ya saa yako na kialama cha saa kinatokea juu ya kioo ili mwenye simu ajue kuna kengele imetegeshwa. Kwa kitu ambacho binadamu anatakiwa akisikie na kuinuka tumia ya tatu, acha ubishi. Kwa kitu kinachotakiwa kwa wakati lakini hakimwamshi mtu tumia ya pili. Na kama si binadamu si wakati, umeshapotea njia rudi WorkManager.

Ruhusa nazo zimebadilika mara kadhaa hapa kati. Android 12 ya 2021 ikataka uandike SCHEDULE_EXACT_ALARM. Android 13 ikaleta nyingine, USE_EXACT_ALARM, hii ni ya app ambazo kazi yake kuu kweli ni alamu au kalenda. Alafu Android 14 ya 2023 ile ruhusa ya kwanza haitolewi yenyewe tena kwa app mpya nyingi, mpaka mwenye simu aiwashe, kwaiyo kabla hujategesha uliza kwanza canScheduleExactAlarms, kama jibu ni hapana mfungulie mtu ukurasa wa mipangilio na umweleze kwa Kiswahili cha kueleweka unataka nini, sio umtupie ukurasa tu. Mi nimeandika "Bila ruhusa hii kengele ya maji inaweza kuchelewa" na watu wanaiwasha wenyewe bila maswali.

Kitu kingine kilichonipiga chenga ni kwamba alamu zote zinafutika simu ikizima. Na simu huku zinazima, umeme umekatika tangu jana, powabenki imeisha, mtu anaiwasha asubuhi kwa jirani, kengele zako hazipo tena. Lazima app isikilize simu inapomaliza kuwaka, ile BOOT_COMPLETED, na izitegeshe upya kutoka kwenye jedwali. Sikiliza pia mtu akibadilisha saa ya simu.

Na usitegeshe kengele za mwezi mzima kwa mpigo kama nilivyofanya, tegesha moja inayofata, ikilia ndo itegeshe ya baada yake. Kwa iPhone ni tofauti kidogo, kule unaikabidhi iOS notifikesheni yako ya saa fulani na yenyewe itailiza hata app ikiwa haipo hewani, ila inashika 64 tu zilizo karibu zaidi, na maji yanapwa mara mbili kwa siku, piga hesabu, hiyo ni siku 32 alafu mtu asipoifungua app ndo basi.

KUISHIKA SIMU MACHO: WAJA LEO WAONDOKA LEO

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, sijui kama aliyeusema alikuwa anawaza simu lakini hakuna sheria nzuri kuliko hiyo ya kutumia WakeLock. WakeLock ni pale app inapoiambia simu usilale nina kazi, prosesa inabaki inazunguka hata kioo kimezimwa. Ukiishika lazima uiachie, tena uiachie hata kazi ikiharibika katikati, kwaiyo release, yani kuiachia, inakaa kwenye finally, kile kipande cha kodi kinachofanyika hata kosa likitokea, sio mwisho wa funksheni, na acquire yake, yani kuishika, unaipa muda wa kikomo, dakika moja, mbili, ili hata ukisahau simu ijiachie yenyewe. Nimeshawahi kufungua app ya mshkaji nikakuta anashika WakeLock akianza kutuma picha kwa seva na anaachia picha ikifika, sawa, je mtandao ukikatika picha isifike? Ndo hivyo, simu ilikuwa macho usiku kucha inamsubiri mgeni asiyekuja, na yeye analaumu betri feki.

Ukweli ni kwamba mara nyingi huihitaji kabisa. Ukitumia WorkManager yeye anashika na kuachia kwa niaba yako. Na kama unachotaka ni kioo kisizime wakati mtu anasoma au anaangalia ramani, hiyo sio kazi ya WakeLock, kuna FLAG_KEEP_SCREEN_ON, unaiweka kwenye ule ukurasa tu, mtu akitoka kwenye ukurasa inaondoka yenyewe, haiitaji hata ruhusa. Iweke pale panapohitajika lakini, kioo ndo mlaji mkubwa kwenye simu nyingi na nimeona app ya mapishi imeshika kioo hadi kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi", sasa nani anapikia hapo.

GPS nayo inataka adabu. Android 8 ya 2017 iliweka kwamba app iliyo kwa nyuma inapata mahali ilipo mara chache tu kwa saa. Kama unatengeneza app ya bodaboda au ya kufatilia mizigo kutoka stendi ya Kange basi unahitaji huduma inayoonekana, ile yenye notifikesheni isiyoondoka juu ya kioo, na kuanzia Android 14 lazima useme ni huduma ya aina gani, ya mahali, ya muziki, na kadhalika. Ukishaipata usiombe mahali kila sekunde kama unamfukuza mwizi, bodaboda kwenye foleni hajaenda popote, weka umbali wa chini, labda mita 50, asipousogea usisumbuliwe, na akishafikisha mzigo zima huduma yote.

INTANETI NI KAMA KUTUMWA SOKONI

Kitu kinachokula chaji kwenye mtandao sio ukubwa wa unachotuma tu, ni mara ngapi unaamsha redio ya simu. Redio ikishaamka ikatuma hailali papo hapo, inabaki macho sekunde kadhaa ikisubiri labda kuna kingine. Kwaiyo ukituma kidogo kidogo kila baada ya nusu dakika redio hailali kabisa, sawa na mama anakutuma soko la Mgandini kitunguu, unarudi, anakutuma nyanya, unarudi, anakumbuka nazi. Kusanya. Andika vyote kwenye hifadhi ya simu alafu tuma kwa safari moja. Na kama seva ndo ina jambo jipya basi usiwe unaiuliza kila dakika "kuna kipya? kuna kipya?", acha seva ikuite kwa FCM, huduma ya Google ya kutuma ujumbe kwenye app, na ule ujumbe wa kipaumbele cha juu unaoamsha simu kutoka usingizini utumie kwa kitu ambacho mtu atakiona na kinamhusu sasa hivi, meseji, simu inayoita, sio "tumekumiss rudi kwenye app". Ukiutumia kwa mambo yasiyoonekana na mwenye simu, Google wataanza kuupunguzia uzito.

Sehemu zisizo na mtandao ndo mbaya zaidi. Simu ikiwa mbali na mnara inaongeza nguvu ya kutafuta, na app yako ikiwa imeandikwa "ikishindwa jaribu tena hapo hapo" basi mvuvi akitoka nje kidogo betri inashuka kama maji ya kupwa. Kurudia kuwe na subira inayoongezeka, WorkManager anaanza na sekunde 30, ikishindikana anaongeza maradufu, dakika moja, mbili, nne. Usimbadilishe.

SIMU ZENYE ULINZI WAKE

Umefanya yote sawa sawa na bado mtu anakwambia kengele hailii. Hapa sasa ni watengenezaji wa simu, wengi wameongeza walinzi wao juu ya ule usingizi wa Android. Samsung wana orodha ya app zinazolala na nyingine ya zinazolala fofofo, hizo za pili hazifanyi chochote mpaka uzifungue mwenyewe. Xiaomi wana ruhusa ya app kujiwasha yenyewe ambayo unaiwasha kwa mkono. Na kuna simu, sitaitaja, ukiitoa app kwenye zile za hivi karibuni kwa kuitelezesha juu inachukuliwa kama umeiua, na alamu zake zinazikwa nayo. Shangazi alikuwa nayo hiyo, na watoto wa mtaani walishamfundisha "safisha simu shangazi iwe nyepesi", akawa anafagia app zote kila usiku kabla ya kulala kama anafagia uwanja.

Kwaiyo kwenye simu ya mtu wako ingia mipangilio, sehemu ya app, tafuta app yenyewe, sehemu ya betri, utakuta chaguzi kama tatu, chagua ile isiyobanwa, simu zilizo kwa Kiingereza imeandikwa Unrestricted. Kama ni Samsung iongeze pia kwenye orodha ya zisizolala. Kama kuna ruhusa ya kujiwasha, iwashe. Kama kuna ile app ya kusafisha iliyokuja na simu, iondoe yako kwenye orodha ya wanaofagiliwa. Hii fanya kwa app mbili tatu zenye maana tu, alamu, WhatsApp kama ni mtu wa biashara, ya bodaboda kama ndo riziki, ukiifanya kwa zote umerudi kule kule. App inaweza yenyewe kuomba kutobanwa kwa kidirisha kinachoruka, ila Google Play wana masharti makali juu ya hilo, ukiomba bila sababu ya msingi wanaikataa app.

Na tuseme ukweli kuhusu huku kufagia, haisaidii chaji. App iliyolala haili kitu cha maana, ukiiua alafu ukaifungua tena inaanza kujipanga upya kutoka sifuri na hapo ndo inakula. App ambazo ni za kuua ni zile ambazo ukiingia sehemu ya matumizi ya betri unaziona ziko juu na wewe hukuzigusa leo. Hiyo moja ifute au ibane, nyingine ziache zilale.

KUTESTI BILA KUSUBIRI USIKU UINGIE

Sasa nirudi kwenye ule waya wa laptop. Unaweza kuidanganya simu kwamba haiko kwenye chaji na kuilaza kwa nguvu, fungua terminali kwenye laptop, adb ni kile chombo cha kuiamuru simu kupitia waya:

adb shell dumpsys battery unplug
adb shell dumpsys deviceidle force-idle

Zima kioo kabla ya hiyo ya pili. Hapo simu iko pono, tegesha kengele yako ya dakika tano mbele uangalie, usiiguse, mkono ukikuwasha nenda kanywe chai. Ukimaliza:

adb shell dumpsys deviceidle unforce
adb shell dumpsys battery reset

Hiyo ya mwisho usiisahau, mi niliisahau nikakaa nusu siku nikijua chaja imekufa, nikaenda mpaka kununua nyingine, simu inaonyesha haichaji kumbe ni mimi niliyeiambia iseme hivyo. Kushusha daraja nako unaweza, weka jina la kifurushi cha app yako:

adb shell am set-standby-bucket jina.la.app rare

Alafu zima simu na uiwashe bila kufungua app, ona kama kengele imerudi. Zima intaneti, tegesha, washa. Itoe app kwa kuitelezesha. Ukipita zote hizo, chomoa waya, iweke simu juu ya kabati saa nne usiku, tegesha saa kumi na moja alfajiri, na simu uliyoweka iwe ya bei ya watu wako sio ile yako ya gharama, maana walinzi wa simu ya laki mbili sio wa simu ya milioni.

Ya shangazi nilienda kuifanyia kwake, nikalala huko. Usiku nikaiweka pale pale juu ya kabati na yeye akaniangalia tu, nadhani hakuniamini maana alitegesha na jogoo wake. Saa moja na dakika arobaini asubuhi kengele ikalia simu haijaguswa na mtu, yeye alikuwa tayari ana kamba mkononi. Akaichukua akaizima, akaangalia juu ya kioo akauliza, "Na hiki kisaa kidogo hapa ni cha nini?" Nikamwambia hicho kikiwepo jua kengele ya maji yanayofata ipo, kisipokuwepo fungua app. Siku hizi kikipotea ananipigia kabla hata ya kuifungua.